Ushauri: Babu alikuwa Mau Mau, tumwandike nini kaburini?

MjukuuWaMsituni: Wakuu, salaam. Babu yetu amefariki akiwa mzee sana, na tunamjengea kaburi. Wazee wa ukoo wanataka jiwe liandikwe "Shujaa wa Uhuru", kwa kuwa alikula kiapo cha Mau Mau, wale waliopigana na Mwingereza Kenya, na akawekwa kizuizini Manyani, kambi ya mkoloni. Kazi ya kuandaa maneno ya jiwe na wasifu nimepewa mimi. Silali. Naomba kujua: mtu aliyeshika silaha miaka ya 1950 apimwe kwa maadili ya leo au ya wakati wake?

MwanaNdakaini: Pole kwa msiba. Sioni swali hapa. Mashamba yalinyang'anywa, wanaume wakatembea na kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, shingoni kama mbwa. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952, na hadi inaondolewa zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamenyongwa. Mwaka 2013 Uingereza yenyewe ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee zaidi ya 5,000 walioteswa. Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ana sanamu Nairobi tangu 2007. Andika Shujaa, ulale.

Fundi_Saruji: Wachongaji wanatoza kwa herufi. Jina na miaka vinatosha, hela iliyobaki ikapike chai ya waombolezaji 😀

ShoshoWaTumutumu: Mimi babangu alikuwa homugadi, mgambo wa upande wa serikali ya mkoloni. Shuleni tuliitwa watoto wa ngati, yaani wa homugadi, na hakuna aliyeuliza kilichompeleka huko. Ndugu yake alikuwa kizuizini mashamba yalipopimwa upya. Babangu alikuwepo siku ya kugawa, ndugu yake hakuwepo, nasi tukapata upande wenye maji. Baba mdogo alirudi akakuta kamba imeshapita. Walizikwa bila kusalimiana. Kila nikisikia neno shujaa namkumbuka yule baba mdogo, kisha namkumbuka babangu, na kulala ndiyo basi.

MtafutaUkweli: Mleta uzi, kiapo kililiwa na watu wengi mno, hakiwezi kukunyima usingizi. Babu alipigana wapi?

MjukuuWaMsituni: Sehemu mbalimbali. Je, kuna umuhimu?

MtafutaUkweli: Upo. Kushambulia kituo cha polisi si sawa na kushambulia kijiji.

MjukuuWaMsituni: Sikutaka lifike hapa. Usiku wa Machi 26, 1953 alikuwa Lari.

Mlokole_Thika: Ee Mungu wangu. Mau Mau waliua pale watu zaidi ya 70, wengi wao kina mama na watoto! Usiue ni usiue, haina mwaka. Futa neno shujaa leo hii.

MjukuuWaMsituni: Ndiyo maana sikutaka kusema. Someni kwanza kabla ya kuhukumu. Lari haikuanza usiku ule. Watu waliondolewa Tigoni ili walowezi wapate ardhi. Chifu Luka Wakahangara alikubali kuhamia Lari na watu wake, na waliokataa wakabaki bila pa kushika. Hasira ile ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya kumi. Na alfajiri yake polisi na homugadi waliua watu ovyo kulipiza kisasi, mbona hao hamwatajii Usiue? Babu alikuwa kijana wa miaka 18. Isitoshe jiwe limeshaagizwa na arubuni imelipwa.

MwanaNdakaini: Sasa ulikuja kuomba ushauri au baraka?

Kamiti57: Jamani, mimi naona tunachezewa. Baada ya Lari msako ulikuwa mkali, mamia wakashtakiwa na wengi wakanyongwa. Huyu babu alipita wapi? Na Manyani, kweli wangemwachia mtu wa Lari akalee wajukuu? Mtu anatafuta wasomaji kwa jina la msiba. Weka picha ya hati yake ya kizuizini.

MjukuuWaMsituni: Siweki karatasi za marehemu mtandaoni. Alikimbilia Nairobi kabla hajatajwa. Akazolewa kwenye Operesheni Anvil, ule msako mkubwa wa Waingereza jijini, Aprili 1954, pamoja na maelfu ya wengine ambao kosa lao lilikuwa kabila tu. Manyani hawakuwahi kujua habari za Lari. Nyumbani pia hatukujua. Alimwambia baba akiwa kitandani, karibu na mwisho.

Kamiti57: Basi ni neno la mgonjwa. Labda alisikia kwa wenzake akajiingiza. Wazee hufanya hivyo.

MtafutaUkweli: Hilo linawezekana. Alisema "nilikuwepo" tu, au alisema alifanya nini?

MjukuuWaMsituni: Alisema alifunga mlango kwa waya, kabla nyumba haijawashwa moto. Ndani kulikuwa na watu.

Kamiti57: Naomba radhi. Hilo mtu hajipambi nalo.

ShoshoWaTumutumu: Mwanangu, nimesoma yote uliyoandika kuhusu wakati wake, na ni kweli. Tigoni ni kweli, kisasi cha alfajiri ni kweli. Wakati wake unanieleza kwa nini alikuwa na hasira na chifu. Haunielezi kuhusu mtoto aliyekuwa nyuma ya ule mlango, maana naye aliishi mwaka huohuo wa 1953. Na kulikuwa na watu wa msituni, wenye kiapo kilekile, ambao hawakuwahi kugusa mtoto. Hao ndio wa kumpimia, wala si sisi wa leo. Lakini nani mwingine anajua? Huogopi wasomaji wa jiwe, kuna mtu unamwogopa.

MjukuuWaMsituni: Mke wangu. Kwao ni Lari. Bibi yake alinusurika usiku ule akiwa msichana, ana makovu ya moto. Ataletwa mazishini Jumamosi.

Mlokole_Thika: Naomba nikuombee, ndugu yangu. Sina neno tena.

MjukuuWaMsituni: Nimempigia fundi, ataliondoa neno shujaa. Wazee wamenikasirikia. Litaandikwa jina, miaka, na "Mfungwa wa Manyani", kwa sababu yale mateso aliyapata kweli na sitayafuta. Lari siandiki. Siwezi kumzika babu chini ya neno hilo.

ShoshoWaTumutumu: Jiwe hata mimi ningeliacha hivyo. Wasifu nao waweza kuwa mfupi. Ila bibi asiketishwe mbele ya kaburi asilolijua. Zungumza na mkeo leo usiku, mwamue wote wawili kama aletwe.

MjukuuWaMsituni: Na akisema hatakuja hata yeye?

ShoshoWaTumutumu: Basi utawapokea wageni peke yako, na asilaumiwe na mtu.