Klipu za mihadhara kwenye kundi la mtaa

Swali: Kundi letu la WhatsApp lina Waislamu na Wakristo. Ikirushwa klipu ya mhadhara wa dini tu, matusi. Tufanyeje bila kulifunga?

Jibu: Admini aibonyeze na kuishikilia hiyo klipu, aifute kwa wote, kisha kwenye mipangilio aruhusu maadmini pekee kutuma hadi asubuhi. Akitoa mtu, atoe wa pande zote waliotukana. Akimtoa mmoja, wenzake watasema kundi lina udini.

Jibu: Ubaya uko kwenye mkato, ndugu zangu. Mhadhiri husoma kwanza hoja ya mpinzani ndipo aijibu. Zikikatwa sekunde 30 hapo, hoja ya mpinzani inaonekana ni yake. Daini video nzima, na aya itajwe na tafsiri yake.

Jibu: Tanzania kuna kifungu cha 129, Kanuni ya Adhabu: kuumiza hisia za dini kwa makusudi ni kosa. Kibandikeni kwenye maelezo ya kundi.