Katiba kwanza, haki baadaye: Wamarekani walifanya sahihi?

Mleta mada:

Wakuu, salaam. Mjadala wa katiba ukipamba moto, hakosekani mtu wa kusema: "Tupitishe hii iliyopo, kasoro tutarekebisha mbele ya safari." Na mfano wake mara nyingi ni Marekani, kwamba nao walianza na katiba isiyo na hati ya haki, yaani orodha ya haki za watu ambazo serikali haipaswi kuzigusa, wakaiongeza baadaye, mbona wamefika. Naomba tuupime mfano huo, maana naona husimuliwa nusu.

Wajumbe 55 walishiriki kikao cha Philadelphia cha kuandika katiba hiyo, kuanzia Mei hadi Septemba 1787, kwa makubaliano kwamba yanayosemwa ndani yasitoke nje. Septemba 12, kazi ikiwa ukingoni, George Mason wa Virginia alisema anatamani katiba itanguliwe na hati ya haki, na kwamba ingeandikwa kwa saa chache tu kwa kuwa majimbo yalikuwa na za kwao. Hakuwa anabahatisha: mwandishi mkuu wa tamko la haki la Virginia la 1776 alikuwa yeye. Zikapigwa kura, kila jimbo kura moja. Hakuna hata jimbo moja lililokubali. Siku tano baadaye wajumbe 39 walitia saini; Mason, Edmund Randolph na Elbridge Gerry wakagoma.

Walioikataa hati ya haki walikuwa na hoja nzito. Alexander Hamilton, mmoja wa waliotia saini, aliandika kwamba serikali imepewa mamlaka yaliyotajwa tu, sasa kwa nini uikataze jambo ambalo haina uwezo wa kulifanya? Ukiandika kwamba uhuru wa magazeti usiguswe, mwenye uchu wa madaraka atadai kumbe uwezo wa kuyadhibiti alikuwa nao. Nimeirudia hoja hiyo mara nyingi na bado hainiridhishi. Katiba hiyohiyo ililipa Bunge uwezo wa kutunga sheria zote "za lazima na zinazofaa", na huo ni mlango mpana mno. Tena yenyewe tayari ilikuwa na makatazo, kwa mfano ilizuia sheria ya kumwadhibu mtu kwa tendo ambalo halikuwa kosa alipolitenda. Kama makatazo ni hatari, hayo yaliingiaje?

Sasa hiyo "baadaye" ilikujaje? Katiba ilibidi iridhiwe na majimbo. Massachusetts waliridhia Februari 1788 kwa kura 187 dhidi ya 168, wakaambatanisha mapendekezo ya marekebisho. Virginia ilikuwa 89 kwa 79, New York 30 kwa 27. North Carolina walikataa kuridhia kabla haki hazijashughulikiwa. James Madison wa Virginia, mjumbe wa Philadelphia anayesifiwa leo kama baba wa hati hiyo, mwanzoni hakuwa na imani na haki za kwenye makaratasi. Alipogombea ubunge mwaka 1789 dhidi ya James Monroe, ilimbidi awaahidi wapigakura wake kwamba atayasimamia marekebisho. Akashinda kwa kura 1,308 kwa 972, na Juni 8 akayawasilisha bungeni. Desemba 15, 1791, marekebisho 10 yakawa sehemu ya katiba.

Kwa hiyo nasema walicheza kamari, na waliowaokoa ni wabishi waliokataa kunyamaza. Anayetaka kutumia mfano wa Marekani awataje na hao. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji, Dodoma:

Mkuu, umeruka kilichowakimbiza. Serikali yao ya kabla ya hapo haikuweza hata kutoza kodi, iliyaomba majimbo yachange. Mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts walishika silaha kwa ajili ya madeni na kodi, Daniel Shays akiwa miongoni mwa viongozi wao. Haki isiyo na serikali ya kuilinda utaidai wapi? Wangeitisha kikao cha pili kama Mason alivyotaka, nina shaka kama wangekubaliana tena. Mimi ningekuwepo, ningepiga kura ya ndiyo.

Mchangiaji, Mombasa:

Ndugu zangu, nyote mwasema "haki" kana kwamba kila mtu alihesabiwa. Katiba hiyo iliwahesabu watumwa kwa sehemu tatu za tano ili mabwana zao wapate viti zaidi bungeni, ikazuia Bunge kukomesha uingizaji wa watumwa hadi 1808, ikaagiza anayetoroka arudishwe. Mason mwenyewe aliilaani biashara ya watumwa mlemle ukumbini, na kwake alikuwa nao. Kisha mwaka 1833, katika kesi ya Barron, Mahakama ya Juu ikasema haki zile zaibana serikali ya shirikisho tu, si majimbo. Ilibidi vita vya wenyewe kwa wenyewe vipiganwe, ndipo yakaja marekebisho ya 13, yaliyokomesha utumwa, na ya 14, yaliyoyabana majimbo nayo. Mwatuambia 1791, mtumwa wa Virginia alingoja hadi 1865.

Mleta mada:

Ndugu wa Mombasa, hilo nilipaswa kuanza nalo. Umeniongezea uzito: "baadaye" humwangukia yule asiye na kura.

Mkuu wa Dodoma, mwaka 1798 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kuwaadhibu wanaoikashifu serikali. Mbunge Matthew Lyon wa Vermont alifungwa miezi minne kwa maandishi yake dhidi ya Rais John Adams. Lakini alikuwa na maandishi ya katiba ya kuwaonyesha watu, na wapigakura wake walimchagua tena angali gerezani.

Halafu turudi kwetu. Mwaka 1960 wajumbe wa Kiafrika wa Kenya walipokwenda London kujadili katiba, mshauri wao alikuwa Thurgood Marshall, mwanasheria wa uzao wa watumwa wa Marekani, aliyeshinda kesi ya ubaguzi mashuleni mwaka 1954. Aliwaandikia rasimu ya hati ya haki. Sisi Tanganyika tulipata uhuru 1961 bila hati hiyo, kwa hoja kwamba ingeifunga mikono serikali changa. Tuliiingiza 1984, na mahakama zikaanza kuitumia 1988. Katika miaka yote hiyo, mtu aliyewekwa kizuizini bila kushtakiwa, kwa sheria ya 1962, mkuu, angesimama mbele ya jaji akanyooshea kidole ibara ipi?