Kundi limekufa majira ya baridi, asali imebaki: chanzo ni nini?

Swali
Ndugu wafugaji, nina mzinga mmoja ninaoutunza kwa mapenzi tu. Nilipoufungua hali ya hewa ilipoanza kupata joto, nilikuta konzi moja ya nyuki waliokufa, malkia akiwa kati yao, ilhali fremu (viunzi vya masega) za pembeni zimejaa asali. Mwishoni mwa majira ya joto kundi lilikuwa kubwa. Je, waliuawa na baridi? Na masega haya yanafaa kupewa kundi jipya?

Jibu la kwanza
Pole sana. Baridi peke yake ni nadra kuua kundi lenye afya, kwa kuwa nyuki hujikusanya pamoja na kutikisa misuli ya mabawa bila kuruka, na joto hilo huwatosha maadamu ni wengi na wana chakula. Mimi ningeanza kushuku utitiri wa varoa, yaani vidudu vidogo sana vinavyoishi juu ya nyuki. Nyuki wa majira ya joto huishi takriban wiki 6, lakini wanaozaliwa kuelekea baridi huwa na akiba ya mafuta mwilini na huweza kuishi hata miezi 6. Utitiri ukiwashambulia wangali majana, yaani nyuki wachanga wasiokomaa, na kuwaambukiza virusi vya kulemaza mabawa, maisha yao hufupika na kundi hupungua kidogo kidogo, wengi wakifia nje. Chukua fremu zilizokuwa na majana, uzielekeze kwenye mwanga, uchungulie dari za vyumba vya sega: vitone vyeupe vilivyogandamana humo ni kinyesi cha utitiri.

Jibu la pili
Naafiki, ila tazama pia kama waliokufa wameingiza vichwa ndani ya vyumba vitupu. Kundi dogo kwenye baridi kali hushindwa kuhamia hata fremu ya jirani, likafa njaa karibu na asali. Kwa hiyo njaa huenda ikawa mwisho wa mkasa ulioanza na utitiri.

Masega yanafaa, mradi hayana magamba meusi yaliyoshikamana na sakafu za vyumba, ambayo ni dalili ya ugonjwa wa kuoza kwa majana. Spora zake (chembe za uzazi za vimelea vyake) hudumu miongo kadhaa, hivyo ukiyaona mwite mkaguzi wa nyuki. Kwa sasa ziba mlango, nyuki wa mizinga mingine wasije kuiba asali.

Mwuliza swali
Ahsanteni. Vitone vipo vingi, magamba hakuna. Kundi jipya nilipime utitiri vipi?

Jibu la kwanza
Kila mwezi chukua nyuki wapatao 300, yaani nusu kikombe, kutoka fremu yenye majana, baada ya kuhakikisha malkia hayumo. Waoshe kwa spiriti, kisha hesabu utitiri. Wafugaji wengi hutibu wakipata 9, yaani 3 kwa kila nyuki 100. Nakusihi usingoje baridi: tibu mara tu baada ya kuvuna asali, kabla nyuki wa baridi hawajalelewa, kwa sababu dawa itakayokuja baadaye itaua utitiri lakini haitawarudishia nguvu nyuki waliokwisha kudhoofishwa.