Pelleti au chakula hai? Samaki wangu mmoja amekufa kwa kuvimba tumbo, naomba ushauri

Mwanzisha uzi (Njiro, Arusha)
Habari za jioni wakuu. Mwezi wa nne shemeji yangu alitoka Kigoma akaniletea samaki kumi wa Ziwa Tanganyika. Wadogo, weusi tii, wana madoa meupe kama waliorushiwa chokaa. Nikawaweka kwenye tangi la lita 200 pamoja na gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, niliokuwa nao tangu mwaka jana.

Nilikuwa nawapa pelleti tu, zile punje kavu za dukani. Jirani akaniambia samaki anataka kitu kinachocheza, nikaanza kuwapa minyoo myekundu anayoniletea kijana mmoja kutoka mtaroni. Jamani, walivyoichangamkia! Wiki ya pili mmoja akajitenga nyuma ya filta. Anachukua chakula, anakitema. Mavi yake meupe, marefu, yananing'inia kama uzi. Siku ya nne tumbo limejaa, na jana asubuhi mwanangu ndiye aliyemkuta ameelea. Amelia sana. Leo wa pili naye ameanza kutema.

Nirudi kwenye pelleti, au minyoo niiendeleze ila niioshe vizuri? Naombeni msaada haraka.

Mdau wa Sakina
Pole sana dada, mpe pole na mtoto. Mimi nafuga samaki wa mapambo, beta na gapi, na chakula hai kimenisaidia mno. Beta wangu wa kwanza aligoma pelleti siku sita. Nilipomdondoshea viluwiluwi vya mbu alivila mbele yangu vyote. Natega ndoo nyuma ya nyumba, navivuna kwa chujio la chai kila baada ya siku mbili. Usizidishe hapo, maana ndani ya siku saba hadi kumi wanakuwa mbu kamili na utakuwa umewafugia majirani dengi.
Kwa hiyo minyoo usiiache, iweke kwenye maji safi siku mbili ndipo uwape.

Mdau wa Soweto, Moshi
Ndugu yangu wa Sakina, nakuheshimu, ila ushauri huo utamaliza samaki wa dada. Beta anakula wadudu kwa asili yake. Hawa si beta.

Dada, kwa maelezo yako hao ni Tropheus duboisi wachanga. Wakikua madoa yatafutika, kichwa kitakuwa cha samawati na mwili utazungukwa na mkanda mweupe au wa njano. Ziwani wanakula mwani unaoota juu ya mawe, kutwa nzima wanakwangua. Hebu mwangalie mmoja kwa karibu, uone mdomo ulivyo mpana na umeelekea chini. Utumbo wao ni mrefu, umejikunja mara nyingi, kwa ajili ya chakula cha majani. Ukiujaza minyoo yenye protini na mafuta mengi unavurugika, na vijidudu vilivyomo humo vinapata nafasi. Ndiyo maana ya kutema, mavi meupe na kuvimba. Mwaka 2019 nilipoteza saba ndani ya siku tisa. Nilikuwa nawapa moyo wa ng'ombe uliosagwa nikiamini nawajenga. Bado naumia nikikumbuka.

Acha minyoo leo hii. Anayetema mtenge. Waliobaki wasile kitu siku mbili au tatu, hawatakufa njaa. Badilisha theluthi ya maji, ila yalaze kwanza kwenye ndoo usiku mzima klorini itoke. Ukianza kulisha tena, tafuta pelleti ambazo spirulina (unga wa kijani kama wa mwani) au mwani wenyewe umetajwa mwanzoni kwenye kopo. Wape punje chache, wazimalize ndani ya dakika mbili. Mara mojamoja jani la mchicha lililochovywa kwenye maji ya moto, bila chumvi.

Mwanzisha uzi
Asante sana kaka. Sasa nimeogopa zaidi, maana pelleti zangu ni za sato wa bwawani, nilipimiwa dukani. Mfuko uko wazi jikoni tangu mwezi wa tano.

Mdau wa Tengeru
Hizo achana nazo. Za sato zimetengenezwa ili samaki apate uzito awahi sokoni. Tena mfuko ukikaa wazi karibu na jiko mafuta yanachacha na vitamini C inapotea. Nunua kidogokidogo, funga kwenye chupa kavu.

Kuna jambo ambalo hamjaligusa: baridi. Julai hii nilipima tangi langu lisilo na hita alfajiri, nyuzi 18! Samaki wa Tanganyika wanataka 24 hadi 27. Maji yakipoa tumbo linafanya kazi polepole, na chakula kilekile kinawazidi. Una hita?
Na huyo kijana mwambie asiingie mitaroni na mitoni miguu mitupu, kichocho kipo. Minyoo hiyo inaishi kwenye uchafu, kuiosha hakuondoi bakteria walio ndani yake.

Mdau wa Sakina
Nimejifunza, kaka wa Soweto. Dada, nisamehe. Basi gapi wahamishie tangi lao, viluwiluwi vinawafaa hao gapi kabisa, ukichanganya na pelleti ndogo zilizopondwa.

Mwanzisha uzi
Hakuna cha kusamehe, ulitaka kunisaidia. Wa pili nimemtenga kwenye beseni lenye pampu ya hewa. Hita sina, naenda mjini kesho asubuhi. Gapi nitawahamisha Jumamosi.
Nimekaa na mwanangu mbele ya tangi tangu saa moja. Hawa wanane wanakwangua ule ukijani wa kioo cha nyuma, ambao mimi nausugua kila wiki. Niuache?

Mdau wa Soweto, Moshi
Uache dada. Sugua kioo cha mbele tu, ili mtoto awaone.