Siku 24 Panama, Jamhuri ya Dominika na visiwa, tukitokea Kigoma: tupange vipi?

Ujiji_Kwetu:
Wakuu, habari zenu. Tuko wawili, mimi na mke wangu, hapa Kigoma mjini. Tuna siku 24 Februari, kuhesabu kuondoka hadi kurudi nyumbani. Tunataka nchi za joto zinazoongea Kihispania na visiwa vya jirani. Orodha ya kwanza: Kosta Rika, Panama, Kolombia, Galápagos (visiwa vya Ekuador), Kuba na Jamhuri ya Dominika. Pasipoti ni za Tanzania, zote zina viza ya Schengen (ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya) ya kuingia mara nyingi, tulishaitumia na bado ina mwaka mzima. Zipi zinawezekana bila kuzunguka balozi? Je, basi linatoka Panama hadi Kolombia? Na fedha tubebe vipi?

Mwanga_Sokoni:
Kaka, punguza orodha. Kwenda na kurudi peke yake kunakula siku tano, ukiweka na usiku wa tahadhari Dar. Nchi sita kwa siku zinazobaki, mtaona viwanja vya ndege tu.

Anzeni na viza, ramani itafuata. Panama inawaruhusu wenye viza ya Schengen ya kuingia mara nyingi iliyokwisha kutumika, kwa hiyo muhuri uonekane vizuri. Jamhuri ya Dominika nayo inaikubali ikiwa hai. Kosta Rika wao huangalia zaidi viza ya Marekani, iacheni. Masharti haya hubadilika, na mhudumu wa kaunta pale Dar atasoma kilichoandikwa kwenye Timatic, mfumo wa mashirika ya ndege wa masharti ya viza, hatasikiliza maelezo yenu. Kabla ya kulipa, waandikieni shirika la ndege: uraia, aina ya viza, njia yote. Jibu lao lichapeni.

Tiketi: Amsterdam kuna ndege ya moja kwa moja hadi Panama City, na Istanbul nayo ina safari za kufika huko. Msipite Marekani. Hata kubadili ndege tu kunahitaji viza yao. Na mkiona tiketi rahisi inayopita San Salvador, ikimbieni: tangu Oktoba 2023 abiria wenye pasipoti za nchi nyingi za Afrika hutozwa dola 1,130 pale uwanjani, hata anayepita tu.

Basi la Panama hadi Kolombia halipo. Barabara inakoma Yaviza, mbele yake ni msitu wa Darién, kama kilomita 100 bila njia ya gari. Mtu anavuka kwa ndege au kwa mashua ya tanga, na mashua huchukua siku nne hadi tano.

Ningewapangia hivi: Panama siku 10, kisha ndege ya Copa, shirika la Panama, hadi Santo Domingo, mji mkuu wa Dominika, siku 7 huko, mrudi Panama usiku mmoja kabla ya safari ndefu. Februari ni kiangazi upande wa Pasifiki, na msimu wa vimbunga vya Karibi (Juni hadi Novemba) uko mbali.

San Blas, visiwa vya Waguna (wenyeji wa asili) huko Panama upande wa Karibi, ndiyo panapoharibikia wengi. Gari la 4x4 huwachukua mjini alfajiri, kama saa mbili na nusu za kona kali hadi Cartí, halafu boti. Kwenye kizuizi wanataka pasipoti halisi, nakala haitoshi, na ada ya kuingia hulipwa taslimu. Sanduku kubwa liacheni hotelini. Februari upepo ni mkali na boti ni ya wazi. Anayezijua boti za Kibirizi za kwenda Gombe ataelewa: kaeni nyuma karibu na injini, huko hakupigi sana kama mbele, na kila kitu kiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo kabla ya kuingia kwenye begi. ATM hakuna visiwani.

Jamhuri ya Dominika nendeni Samaná. Kuanzia Januari hadi Machi nyangumi wenye nundu huja kuzaa kwenye ghuba ile. Fomu yao ya mtandaoni ya uhamiaji na forodha, wanaiita e-ticket, ni ya bure, jazeni ya kuingia na ya kutoka, mtunze msimbo wake kwenye simu. Basi dogo linaitwa guagua. Ukifika Ekuador neno hilohilo ni mtoto mchanga, usije ukaulizia guagua ya saa mbili!

Reli_ya_Kati (Tabora):
Naongezea palipobaki.

Kigoma–Dar ikiwa kwenye tiketi ya peke yake, ndege ikichelewa au ikifutwa shirika la pili halina deni na wewe, tiketi kubwa imekwenda. Fikeni Dar siku moja kabla, mbili ni bora. Treni msiitegemee kwa hili.

Chanjo ya homa ya manjano: cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano na sasa ni cha maisha. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

Fedha: Panama wanatumia noti za dola, za kwao ni sarafu za balboa tu zenye thamani ileile. Bebeni noti za 5, 10 na 20. Noti ya 100 dukani wanaikataa, na iliyochanika hata kidogo ni shida. Muwe na dola 500 kila mmoja, au kadi na taarifa ya benki, kwa sababu uhamiaji wa Panama wanaweza kuuliza, pamoja na tiketi ya kutokea.

Umeme kule ni volti 110 hadi 120, plagi ya pini mbili bapa. Someni maandishi madogo kwenye chaja: ikiwa "100-240V" inafaa, mnahitaji adapta tu. Mashine ya kunyolea ya 230V pekee itazunguka kivivu au isiwake kabisa.

Galápagos: kiingilio cha mgeni kilipanda Agosti 2024 kutoka dola 100 hadi 200, juu yake kadi ya udhibiti wa wasafiri ya dola 20, na ndege ni za kupitia Quito au Guayaquil. Safari ya peke yake hiyo.

Kibirizi_Pwani:
Kuba nayo waiache. Viza ya mtandao, bima, fomu ya mtandaoni ya kuingilia nchini (D'Viajeros), hayo yanawezekana na ubalozi wao upo Dar. Tatizo ni umeme: Oktoba 2024 gridi ya nchi nzima ilianguka, na mgao haujakaa sawa. Kingine, mwangalie Jumatano ya Majivu ni lini. Siku nne kabla yake Panama ni kanivali, mabasi yanajaa na hoteli za pwani zinapanda bei.

Ujiji_Kwetu:
Asanteni sana. Panama na Dominika basi. Shemeji yupo Panama City, ameomba migebuka ya kukausha na mawese. Vinapita?

Reli_ya_Kati (Tabora):
Samaki mnaweza kunyang'anywa forodhani, na mkificha kwenye fomu ni faini. Mawese yawe kwenye begi la chini, chupa isijae hadi juu, uzi wa kifuniko uzungushiwe selotepu. Asali yetu ya Tabora hivyohivyo. Mkononi inahesabiwa kimiminika, zaidi ya mililita 100 hawaipitishi.