Mrejesho: Wale wanafunzi wangu wa Wikipedia, Kilwa

Habari zenu wapendwa. Niliuliza namna ya kuwafundisha watu tisa wasiowahi kushika kompyuta wachangie Wikipedia ya Kiswahili. Mlinishauri tuanze na kusoma na kusahihisha, makala mpya zingoje. Asanteni sana.

Siku ya kwanza tulikwama kwenye akaunti. Wote tulitumia intaneti moja, na Wikipedia hairuhusu kufungua akaunti mpya zaidi ya sita kwa siku kutoka anwani moja ya mtandao. Watatu wakajisajili kwa bando za simu zao.

Kilichowafungua macho ni kichupo cha historia, kile kinachoonyesha mabadiliko yote ya makala. Mama mmoja aliogopa kugusa chochote, "nitaharibu." Nikamwonyesha kwamba kila toleo la zamani limehifadhiwa na linarudishwa. Hapo woga ukamtoka! Akaongeza kwamba magofu ya Kilwa Kisiwani yaliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, akaweka na chanzo chake.

Bado wengine wananakili aya nzima kutoka kwenye tovuti. Sasa nawaambia wasome, wafunge ukurasa, kisha wanisimulie kwa mdomo kabla ya kuandika. Polepole wanashika. Jumamosi tunaendelea.