Nawezaje kumwomba mkulima asipige dawa mahindi yake? (Utafiti wa viwavijeshi, Uyui)

Mtafiti_Chipukizi:
Wakuu, habari za majukumu. Niko mwaka wa mwisho shahada ya kilimo. Utafiti wangu ni wa viwavijeshi vamizi na wadudu rafiki wanaowashambulia. Nimechagua Uyui, Tabora, kwa sababu mashamba mengi ya mahindi yanapakana na misitu ya miombo, na mengine yamezungukwa na tumbaku. Nataka kujua kama jirani na msitu kuna nyigu na sisimizi wengi zaidi.

Shida ni kwamba nahitaji mahindi yasiyopigwa dawa. Wakulima wamenipokea vizuri mno, ila nikifika kwenye "msipige dawa" wananitazama tu. Mama mmoja kaniuliza: "Mwanangu, wakiyamaliza, chuo chako kitanilisha?" Supavaiza anashauri nipande ploti zangu TARI Tumbi, kituo cha utafiti wa kilimo. Ni rahisi, lakini hapo habari ya msitu na tumbaku ndiyo imekufa. Mvua za Novemba hizo zinakuja. Nifanyeje?

Gombe_Sugu:
Digrii apewe huyo mama. Kauliza swali ambalo kamati nzima ya chuo haikuuliza.

Bwanashamba_Mstaafu:
Mdogo wangu, usiombe shamba, omba kipande. Mita 10 kwa 10 tu. Mkulima anayevuna gunia 12 kwa eka, kipande hicho hata kiliwe chote ni kama madebe mawili. Weka hayo madebe kwenye bajeti, mwahidi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na umlipe mahindi, sio hela, maana mwezi wa pili mahindi ndiyo yanatafutwa.

Halafu mweleze ukweli: mhindi mchanga ukitafunwa majani unaweza kujirudi ukiwa na mvua na mbolea. Miongozo mingi inasema mahindi machanga usikimbilie pampu mpaka kama 20% ya mimea iwe na dalili. Wakulima wetu wakiona tundu moja tu kwenye jani, pampu iko mgongoni. Wapo wanaopiga saa sita mchana wakati kiwavi kajificha kwenye moyo wa mhindi chini ya kinyesi chake, dawa inaishia juu.

Mtafiti_Chipukizi:
Asante sana mzee wangu. Je, nikiwaacha kila mtu afanye anavyofanya siku zote, kisha nilinganishe waliopiga na wasiopiga? Si nitakuwa nimekwepa hili suala la fidia?

Takwimu_Baridi:
Hapana mkuu, hapo utaumia siku ya kutetea. Anayepiga dawa mara nyingi ni yule aliyeshambuliwa zaidi, au mwenye hela, ambaye pia ndiye mwenye mbolea. Utakuta viwavi wengi kwenye shamba lililopigwa dawa, uandike kwamba dawa inaleta viwavi!

Fuata kipande cha mzee, ila kila shamba liwe na vipande viwili, kilichopigwa na kisichopigwa. Urushe shilingi kuchagua, usimwachie mkulima, atakupa kile kibovu. Acha mistari kadhaa katikati, dawa inapeperuka. Kila shamba ni bloku moja, yaani vipande vyake viwili unavilinganisha humo humo. Na kumbuka: swali lako la msitu linajibiwa na idadi ya mashamba, sio idadi ya mimea. Mashamba mawili ya msituni na mawili ya tumbaku hayatoshi hata ukihesabu mimea elfu.

Mama_Mizinga:
Mimi ni mfugaji nyuki, Sikonge. Mwanangu, hesabu na nyuki pia. Mahindi yakitoa mbelewele nyuki wanafuata chavua, na hapo kuna watu bado wanapiga dawa. Asali ya Tabora mnaisifia wote, mizinga ikifa hatuoni mtafiti. Hili likiwa sura moja tu ya utafiti wako, nitakuombea nafasi kwa wenye mashamba karibu na mizinga yangu.

Takwimu_Baridi:
Mama, kwa heshima, asiongeze sura. Huyu ni wa shahada ya kwanza, ana msimu mmoja. Aandike tu siku na saa waliyopiga dawa, mwingine ataendeleza.

Mdudu_Mtupu:
Nyongeza ya mtu wa maabara. Usiishie kuhesabu nyigu wanaoruka, wengi ni wadogo kuliko punje ya mtama na hutawaona. Nyigu hawa hutaga ndani ya mayai na viwavi, kwa hiyo okota mayai na viwavi uwafuge uone nini kitatoka. Kila kiwavi kwenye kikopo chake, hawa wanatafunana. Ukiweka kumi pamoja asubuhi utamkuta mmoja kanenepa. Tanzania wameshaonekana nyigu Coccygidium luteum na Charops ater wakitoka kwenye viwavi hawa, kwa hiyo huanzi gizani. Kwenye mayai mtafute nyigu mwingine, Telenomus remus. Mwaka 2019 ilitangazwa yupo tayari nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo.

Na hakiki kiwavi wako kwanza, usichanganye na funza wa mabua: vamizi ana alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne yaliyojipanga kama mraba karibu na mkia.

Mtafiti_Chipukizi:
Nimewasoma wote. Narudi kwa yule mama na habari ya kipande na madebe mawili. Mama Mizinga, nikujie faragha? Na wa maabara, nyigu wakitoka niwahifadhi kwenye spiriti ya dukani?

Mdudu_Mtupu:
Ile ya bluu hapana. Tafuta ethanoli, 70% inatosha kutazama kwa hadubini, 95% kama mtapima vinasaba. Lebo iandikwe kwa penseli na iingie ndani ya kichupa. Wino unayeyuka.